Jino la miaka sita, matibabu ya miaka mitano

ILIKUWA Jumatatu asubuhi mwaka 2023, wiki mbili kabla ya mitihani, nilipomwona mwanafunzi wangu mmoja amelaza shavu juu ya dawati. Nilidhani amesinzia. Nilimgusa bega nikamwambia akae vizuri. Alipoinua uso niliona upande mmoja umevimba hadi jicho limekuwa jembamba. Hakulia. Alikuwa na umri wa miaka 11 na maumivu yale alikwisha kuyazoea.

Jioni nilimfuata mama yake sokoni hapa Rumonge, nikamkuta nyuma ya madumu yake ya mawese. Si mama mzembe. Kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akimnunulia mtoto vidonge vya kutuliza maumivu, na usiku alimtia karafuu kwenye tundu la jino. Aliponisikiliza alishangaa kidogo. "Mwalimu," akaniambia, "kwani hilo si jino la utoto? Litang'oka lenyewe, ataota jingine."

Sikumjibu haraka. Marehemu mama yangu alisema maneno hayo hayo, kuhusu jino hilo hilo, katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Langu liling'olewa na mganga msaidizi aliyenibana kichwa kwapani, na pengo lake ninalo mpaka leo.

Jino lenyewe ni gego la kwanza la ukubwani. Kwa watoto wengi huchomoza karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Yapo manne, mawili juu na mawili chini. Ubaya wake ni kwamba linapotoka hakuna jino linalong'oka ili kulipisha. Meno ya mbele yakianza kung'oka kila mtu hujua. Mtoto huchekwa na wenzake, naye hurusha jino lake juu ya paa. Lakini gego hili huingia kimya kimya. Mzazi halioni, na akiliona hulihesabu pamoja na yale ya utoto. Kumbe ndilo ambalo mtoto atalitafunia mpaka uzeeni. Tena uso wake una mifereji myembamba ambamo mabaki ya chakula na sukari hukwama, na mtoto wa miaka sita hawezi bado kuufikisha mswaki huko nyuma. Ndiyo maana mara nyingi ndilo la kwanza kuoza kati ya meno ya ukubwani.

Sasa ndugu msomaji, ulinganishe umri huo na sera yetu.

Tarehe 1 Mei 2006, aliyekuwa Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, alitangaza kwamba watoto wenye umri chini ya miaka mitano watatibiwa bure katika vituo vya umma, na akina mama watajifungua bila malipo. Mwaka uliotangulia, 2005, ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa. Wakati huo nilikuwa bado Tanzania. Habari hizo zilitufikia Ulyankulu kwa redio, na nisiseme uongo, zilichangia kuwafanya baadhi yetu waanze kufunga mizigo. Watu wa makazi matatu ya zamani, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, tulikuwa tukiulizwa kama tunataka uraia wa Tanzania au kurudi nchi ya wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972. Wengi walichagua kubaki. Sisi tuliorudi, ambao kwa Kirundi tunaitwa abahungutse, tulikuja na sababu zetu, na mojawapo ni kwamba nchi inayosomesha na kutibu watoto bure ni nchi ya kurudi.

Nasema hivyo ili nisieleweke vibaya. Agizo la 2006 lilikuwa jambo kubwa. Kabla yake, mgonjwa alilipia kila kitu, na aliyeshindwa kulipa aliweza kuzuiliwa hospitalini kama rehani. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa hao mwaka huo huo wa 2006, na miongoni mwao walikuwamo akina mama waliotoka kujifungua kwa upasuaji. Mtu aliyeziona siku hizo hawezi kulibeza agizo lile, hata kama mwanzoni vituo vilifurika na dawa zikawa zinakwisha.

Tatizo ni mahali mpaka ulipowekwa. Mtoto alipewa matibabu bure wakati kinywa chake kimejaa meno ambayo yatang'oka. Jino la kudumu lilipoanza kuchungulia, umri wake ulikuwa umeshapita. Yaani anaingia katika shule ya bure akiwa ametoka tu katika matibabu ya bure. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa Bujumbura akapanga hivyo kwa makusudi. Miaka mitano ilichaguliwa kwa sababu ndio umri ambao watoto wengi hufa, na kwa malaria, nimonia na kuhara hesabu hiyo ni sahihi. Meno hayakuwa katika hesabu.

Akishavuka miaka mitano, mtoto hutegemea karatasi aliyonayo mzazi wake. Mimi ni mwalimu wa serikali, nakatwa kwenye mshahara kwa ajili ya mfuko wa bima wa watumishi wa umma, na mwanangu akiugua sehemu kubwa ya gharama hulipwa na mfuko huo. Kwa mkulima na mchuuzi, mwaka 2012 serikali ilileta upya kadi ya msaada wa matibabu kwa faranga 3,000 kwa mwaka kwa kaya nzima, na mwenye kadi alitakiwa kulipa asilimia 20 tu ya gharama. Ukiitazama kwenye karatasi, si haba. Lakini kadi hiyo ina kazi pale tu penye kituo cha umma chenye huduma unayoitafuta.

Hapo ndipo mama yule alipokwama. Kadi alikuwa nayo. Tulipofika hospitali (sitaitaja, maana wauguzi wake ni watu wema na kosa si lao) tuliambiwa kwamba anayeshughulika na meno hayupo, na hata angekuwapo, ganzi imekwisha. Mtoto akaandikiwa dawa ya kuua vijidudu, tukaambiwa tujaribu Bujumbura. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita 70 hivi kando ya ziwa, safari ambayo zamani haikuwa jambo la kuzungumza. Lakini wakati ule mafuta yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi na nauli ilipanda kila wiki. Mama akauza madumu mawili ya mawese kwa bei ya kutupa. Mtoto aling'olewa jino katika kliniki binafsi, ambako kadi ya faranga 3,000 haikuwa na kazi yoyote. Aliporudi shuleni mitihani ilikuwa imekwisha. Akarudia darasa.

Nimewahi kuona mambo mabaya zaidi ya hayo. Nimeona mtoto aliyetiwa maji ya betri kwenye tundu la jino, na ulimi na shavu vikaungua kwa ndani. Kule Tanzania nilikokulia, mtoto mchanga akiharisha baadhi ya watu husema ana "meno ya plastiki", na fizi huchokonolewa kwa spoki ya baiskeli ili kuyatoa. Kinachotolewa ni kichipukizi cha jino la kweli. Watu hufanya hivyo kwa sababu kumpata anayechokonoa ni rahisi kuliko kumpata daktari wa meno.

Kwa nini basi hospitali ya umma inakosa mtu na ganzi? Jibu la haraka ni umaskini. Lakini liko jibu jingine linalohusu namna fedha zenyewe zinavyogawanywa. Mwaka 2010 utaratibu wa malipo kwa matokeo ulienezwa nchi nzima na kuunganishwa na matibabu ya bure. Chini ya utaratibu huo, kituo hakipewi fungu la jumla kikalitumia kinavyopenda. Hulipwa kwa idadi ya kazi zilizofanyika na kuhakikiwa, kama vile akina mama waliojifungulia kituoni, watoto waliokamilisha chanjo na wagonjwa waliotibiwa. Ni utaratibu ulioleta nidhamu, nami kama mwalimu naufahamu: kile kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Mganga mkuu mwenye akili atapeleka watu wake kule kwenye malipo. Akiwa na wauguzi wanne na wodi ya wazazi imejaa, hatamtoa mmoja akae siku nzima na koleo na kioo.

Wafadhili nao wana orodha yao. Uko Mfuko wa Dunia ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya ukimwi, kifua kikuu na malaria. Upo ushirika wa chanjo. Mfuko wa meno haupo. Hata hivyo ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa Novemba 2022, ilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza bila kutibiwa. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba kanda ya Afrika ina madaktari wa meno watatu hivi kwa kila watu 100,000, ambao ni kama moja ya kumi ya wastani wa dunia. Hapa kwetu, hao wachache wengi wao wako Bujumbura.

Najua nitakachojibiwa: jino haliui, malaria inaua. Sina ubishi kuhusu malaria, nimezika wanafunzi. Lakini kwamba jino haliui, hapo tusidanganyane. Usaha wa jino huweza kushuka shingoni ukaziba njia ya hewa, au kupanda kichwani. Na uko ugonjwa wa noma, unaoanza kama kidonda cha fizi kwa watoto wenye utapiamlo, hasa wa miaka miwili hadi sita, kisha ukala shavu zima. Desemba 2023 WHO iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Wala si nchi maskini peke yake. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya vijidudu vya jino lililooza kufika kwenye ubongo. Bima ya serikali ya familia yake ilikuwa imekatika, na kumpata daktari wa meno anayekubali bima hiyo kulikuwa kazi ngumu. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kung'oa jino lile kungegharimu dola 80 hivi. Hospitali ilijaribu kuokoa maisha yake kwa upasuaji wa kichwa mara mbili na wiki kadhaa za matibabu, na gharama ikapita dola 250,000. Miaka miwili baadaye, 2009, sheria ya bima ya watoto nchini humo ilirekebishwa, ikayalazimisha majimbo kuingiza huduma ya meno. Ilibidi mtoto afe kwanza ndipo wabunge wakumbuke kwamba mdomo nao ni sehemu ya mwili.

Sisi hatuhitaji dola 80, na jambo hili huniumiza zaidi nikilikumbuka. Mbinu ya kuziba jino bila umeme, bila mashine na mara nyingi bila hata sindano, ilianzia jirani hapa, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Daktari Mholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam, na wenzake walikabiliwa na swali lile lile tulilonalo: utamtibu vipi mtoto wa kijijini ambako hakuna umeme? Wakaanza kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono vinavyofanana na vijiko vidogo, kisha kuziba tundu kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mtoto hulala juu ya meza. Wakati huo nilikuwa mtoto katika nchi hiyo hiyo, mbali kule Tabora, na jino langu likang'olewa. Leo mbinu hiyo inatumika katika nchi nyingi duniani.

Mwaka 2021 WHO iliweka vifaa hivyo katika orodha yake ya dawa muhimu: saruji hiyo ya kuzibia, dawa ya meno yenye floraidi, na maji ya madini ya fedha na floraidi ambayo hupakwa kwenye jino lililoanza kuoza yakalisimamisha lisiendelee. Hayo ya mwisho huacha weusi, lakini jino jeusi linatafuna. Kwa hiyo mtu asituambie tena kwamba meno ni anasa ya wazungu.

Na mtu wa kuifanya kazi si lazima awe daktari. New Zealand iliona vijana wake wakikataliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya meno mabovu. Mwaka 1921 ikaanza kuwafundisha wanawake kwa miaka miwili, ikawapeleka shuleni kutibu meno ya watoto kwa fedha za serikali. Madaktari wa meno wengine walipinga. Wakina mama hao wakafanya kazi, na nchi nyingine zikaja kuiga.

Pale shuleni kwetu nimejaribu ninachoweza. Wanafunzi wa madarasa ya chini hupiga mswaki kabla ya somo la kwanza, kila mmoja na chupa yake ya maji kutoka nyumbani kwa kuwa bomba letu halitoi maji kila siku. Wengi hutumia mswaki wa mti, nami siwakatazi. Ndio nilioutumia Ulyankulu, na ukitumiwa vizuri unasafisha. Lakini mti peke yake haumpi mtoto floraidi ya kutosha, na wataalamu wanasema dawa ya meno iwe na sehemu 1,000 hadi 1,500 za floraidi kwa milioni. Bomba moja la dawa hiyo ni chakula cha siku nzima cha familia. Kwa hiyo darasa langu linapiga mswaki kwa maji na nia njema. Sukari imekuwa ikiadimika madukani miaka ya karibuni, watu wakipanga foleni, lakini pipi hazikosekani mlangoni mwa shule, na wanaoziuza ni mama zetu hawa hawa wanaotafuta ada ya sekondari.

Kuna jambo moja ambalo ningependa wanaopanga bajeti ya afya walifikirie. Wanapenda kulipia kitu kinachohesabika na kuhakikiwa. Hakuna kitu kinachohesabika kirahisi kama gego la mtoto wa miaka sita. Muuguzi aliyefundishwa kwa wiki kadhaa aje shuleni mara moja kwa mwaka, aangalie watoto wa darasa la kwanza na la pili, afunike mifereji ya magego manne, azibe yaliyoanza kutoboka, aandike majina. Miezi sita baadaye mkaguzi aje bila taarifa, aite watoto 10 katika orodha, awaambie wafungue midomo. Kilichozibwa kitaonekana. Chandarua kinaweza kugawiwa kikaishia kufugia kuku au kuvulia dagaa, na hapa kandokando ya Tanganyika tunalijua hilo. Jino lililozibwa haliuzwi sokoni. Kituo kilipwe kwa kila gego, kama kinavyolipwa kwa kila mama aliyejifungua. Na mpaka wa miaka mitano, kama hauwezi kusogezwa kwa magonjwa yote, usogezwe kwa kinywa peke yake, hadi mtoto amalize shule ya msingi.

Watoto wako pale kila asubuhi, wamekaa kwenye mstari, wala hakuna haja ya kuwatafuta milimani. Ndicho kitu ambacho Burundi ilikipata mwaka 2005 ilipofuta ada, na sijui kwa nini wizara mbili haziwezi kuingia darasa moja.

Mwanafunzi wangu yule sasa yuko darasa lililo nyuma ya wenzake na hutafunia upande mmoja. Ana mdogo wake aliyeanza darasa la kwanza. Wiki iliyopita mama yao alimleta kwangu mwenyewe, bila kuitwa, akamwambia afungue mdomo karibu na dirisha ili nione. Magego mawili ya chini yametoka, meupe, moja lina kijidoa kidogo cha kahawia katikati ya mfereji. Mama ameniuliza ampeleke wapi, na kama kadi yake itafanya kazi huko.